Kubadilisha gia si kosa, kosa ni kutowauliza wenye motokaa

Kuna mambo ambayo yakitajwa barazani, baraza hugawanyika papo hapo. Siasa ni moja. Mpira ni la pili. La tatu nimeligundua mwenyewe, nalo ni kuing'oa giaboksi ya otomatiki katika motokaa ya zamani na kutia ya gia za mkono. Litaje jambo hilo baada ya Isha, kahawa ikizunguka, na utaona wazee wenye heshima zao wakinyoosheana vidole.

Upande mmoja husema: mwacha asili ni mtumwa. Motokaa ilivyotoka kiwandani ndivyo ilivyo. Ukiibadilisha matumbo umeiua, umebakisha ngozi tu. Upande wa pili hujibu: motokaa ni chombo cha kwendea, si maiti ya kuhifadhiwa. Bora itembee kwa gia yoyote kuliko isimame chini ya mwembe, kuku wakitaga ndani yake.

Mimi leo nataka kusema kwamba pande zote mbili zabishania swali ambalo silo. Sisemi hivi kwa kusoma vitabuni. Nasema kwa sababu jambo hili liliingia nyumbani kwetu, likamliza mama yangu, na nusura litutenge sisi ndugu watatu wa tumbo moja.

Motokaa ya mzee

Marehemu baba, Mungu amrehemu, alinunua Mercedes-Benz 240D mwaka 1984. Ilikuwa ya 1982, rangi ya maziwa, imetumiwa miaka miwili tu na bwana mmoja aliyekuwa akirejea kwao Ulaya. Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa motokaa hiyo, lakini vijana yafaa waambiwe. Ni katika ukoo wa Mercedes ambazo waundaji wenyewe waliziita W123. Zilianza kuundwa mwaka 1976, za mwisho zikatoka kiwandani mwanzoni mwa 1986, na kwa jumla ziliundwa kiasi cha milioni 2.7.

Injini ya 240D ni ya dizeli, silinda nne, lita 2.4, na nguvu zake ni za farasi 72 tu. Si motokaa ya mashindano. Kufikia mwendo wa kilomita 100 kwa saa yataka zaidi ya sekunde 20, na ukiwa na abiria watano na vyombo vya arusi nyuma, basi vuta subira. Lakini sifa yake ilienea duniani kwa jambo moja, kwamba haifi. Ujerumani ilikuwa ndiyo teksi. Kule Morocco hizo 240D zilibeba watu baina ya mji na mji, abiria sita kwa safari, miaka nenda miaka rudi, hata serikali ya huko ikabidi kutoa msaada wa fedha kuanzia mwaka 2014 ili wenye teksi wakubali kununua magari mapya.

Nyingi za hizo 240D zilikuwa za gia nne za mkono. Ya baba ilikuwa ya otomatiki, na hakuichagua hivyo kwa fahari. Aliichagua kwa ajili ya mama. Mama alikuwa amejaribu kujifunza kuendesha kwa Datsun ya ami yetu, na klachi ikamshinda kabisa. Kila akiinua mguu motokaa yaruka kama mbuzi kisha yazima. Ami akacheka, watoto wa mtaa wakacheka, mama akatoka akafunga mlango akasema hatarudi tena. Baba hakusema neno. Baada ya miezi akaja na Mercedes yenye pedali mbili. Kwa muda wa wiki mbili mama alikuwa akiendesha mwenyewe, na buibui lake, kutoka Likoni mpaka Marikiti na kurudi. Sikumbuki kama katika mtaa wetu kulikuwa na mama mwingine aliyefanya hivyo wakati ule.

Baba alifariki mwaka 2008. Macho ya mama yalipopungua nguvu, dada yetu aliyebaki naye Likoni ndiye aliyeshika usukani. Dada naye ana goti bovu la mguu wa kushoto tangu alipoanguka ngazini akiwa kijana. Kwa motokaa ya otomatiki goti hilo halikumsumbua, kwa sababu mguu wa kushoto hauna kazi. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka kumi: dada akimpeleka mama hospitalini, mazikoni na maulidini, na sisi wanaume wawili, kaka yangu na mimi, tukiazima siku ya haja.

Gia zaanza kuteleza

Mwaka 2018 gia zikaanza kuteleza. Ikitoka ya pili kwenda ya tatu, injini yanguruma lakini motokaa haiendi, kama mtu anayepiga kasia hewani. Pia kulikuwa na dalili nyingine ambayo hatukuijali: ukizima ufunguo na kuutoa, injini yaendelea kunguruma kidogo ndipo ife. Naomba msomaji aikumbuke dalili hiyo, maana nitairudia.

Kaka yangu, ambaye ni mkubwa wetu, aliichukua motokaa akaipeleka gereji moja hapa kisiwani. Fundi akaisikiliza, akatikisa kichwa. Akasema otomatiki za miaka ile hazina mtu wa kuzifungua siku hizi, spea hazipatikani, na hata zikipatikana bei yake yamshinda mtu wa kawaida. Dawa, akasema, ni kutia gia za mkono. Kaka akanipigia simu. Mimi nikasema, "Fanya, kaka." Hatukumpigia dada. Mama tulimwambia tu kwamba motokaa iko gereji, yatengenezwa.

Si haki nimfanye kaka kuwa mtu mbaya, maana hoja zake zilikuwa na uzito, na hata leo nazikubali. Giaboksi ya otomatiki ya aina ile haikushikana na injini kwa chuma juu ya chuma. Baina yao mna chombo cha mviringo kilichojaa mafuta. Injini huyavurumisha mafuta, na mafuta huizungusha gia. Ndiyo sababu motokaa husimama bila kuzima na huondoka bila kishindo. Lakini sehemu ya nguvu hupotea humo kwa kugeuka joto, na injini yenye nguvu za farasi 72 haina nyingi za kupoteza. Gia za mkono hushikana na injini moja kwa moja. Motokaa huamka, mlima huupanda kwa wepesi zaidi, na dizeli aghalabu huenda mbali zaidi. Betri ikifa, vijana wanne hukusukuma ukaondoka. Na la kubwa zaidi, gia za mkono hata fundi wa chini ya mti anazijua.

Wala si kaka peke yake duniani. Kule Marekani, Mercedes za dizeli aina ya 300D ziliuzwa kwa gia za otomatiki tu, na hivi leo wapo wenyeji wa huko wanaotafuta 240D zilizoharibika ili wapate giaboksi zake za mkono na kuzitia katika 300D zao. Uingereza nako, Jaguar E-Type ya viti vinne ilipotolewa mwaka 1966 mtu aliweza kuinunua ya otomatiki, na nyingi za hizo zimekwisha kutiwa gia tano za mkono na watu waliokuja kuzimiliki baadaye. Kwa hiyo anayesema kwamba huu ni ujinga wa mafundi wetu wa jua kali, hajui anachosema.

Kazi yenyewe si mchezo

Lakini asije mtu akadhani ni kazi ya kufungua bolti kumi na kufunga kumi. Kaka alidhani hivyo. Ilimchukua miezi minne.

Giaboksi ya gia nne na klachi yake vilitoka Dubai, kwa jitihada za binamu yetu anayefanya kazi kule. Vikafika, tukashukuru. Pedali zikafika nazo, tukanuna. Magari ya Ghuba usukani wake uko kushoto. Ya kwetu uko kulia. Fundi alizigeuza na kuzizungusha siku mbili, hazikukaa. Mwishowe pedali zilitoka Afrika Kusini, ambako W123 ziliunganishwa katika mji wa East London, nazo ni za usukani wa kulia kama zetu.

Kisha mna flaiwili. Motokaa ya otomatiki haina flaiwili nzito. Ina sahani nyembamba ya chuma. Ukitia gia za mkono huna budi kutia flaiwili, na katika injini hizi za dizeli flaiwili haitiwi hivi hivi. Lazima ipimwe uzani pamoja na ile sahani ya zamani, hata zilingane mzunguko, ama sivyo injini itatetemeka mpaka ijile yenyewe. Mwisho wa kranki hutiwa beringi ndogo ya kushika mti wa giaboksi. Fundi akiisahau, kazi yote hufunguliwa upya. Klachi yataka pampu yake juu na silinda yake chini, na mafuta yake katika Mercedes hizi hutoka katika kikopo kimoja na ya breki, basi mrija ukivuja waweza kukosa vyote viwili. Propela lazima ipimwe, kwa sababu urefu wa giaboksi mbili aghalabu haulingani. Mirija iliyopeleka mafuta ya gia katika rediata kupozwa yataka kuzibwa. Waya wa mwendo, taa ya kurudi nyuma, na ile swichi inayozuia injini isiwake mpaka gia iwe P au N, vyote vyataka kushughulikiwa.

Nayaandika haya kwa kirefu kusudi. Fundi atakayekwambia kwamba ataimaliza kazi hii kwa siku tatu, ama hajapata kuifanya, ama ataacha nusu yake.

Siku ya Likoni

Motokaa ilirudi nyumbani ikiwa na nguvu mpya. Kaka aliileta kwa furaha, akapiga honi langoni. Dada akatoka, akafungua mlango, akaona pedali tatu. Hakusema kitu. Mama akapapasa pale katikati, mahali palipokuwa na mkono wa gia alioujua kwa miaka 34, akashika kirungu kigeni. Akauliza, "Ya babenu iko wapi?" Ndipo akalia.

Tuliona ni mambo ya kike, ya kuzoea yatakwisha. Dada akajifunza upya, kwa goti lile lile. Siku hizi leseni za Kenya humtofautisha dereva aliyefunzwa otomatiki tu na yule wa gia za mkono, lakini yeye alikuwa na leseni ya zamani, basi kwa karatasi hakuwa na kosa. Shida haikuwa ya karatasi.

Kila mtu wa Mombasa anajua mteremko wa feri ya Likoni. Na kila mtu anakumbuka tarehe 29 Septemba 2019, siku motokaa ilipoteleza kutoka ferini ikazama, na roho mbili zikapotea. Mungu awarehemu. Wiki chache baada ya msiba huo, dada alikuwa akipanda kutoka ferini upande wa kisiwani, mama amekaa nyuma na kadi yake ya hospitali. Foleni ikasimama mlimani. Goti likamkaza. Akainua klachi mapema, injini ikazima, motokaa ikaanza kurudi nyuma kuelekea watu wanaotembea. Akakamata breki. Akawasha tena, ikazima tena, ikarudi tena. Watu wakapiga kelele. Kijana mmoja mchukuzi akatupa jiwe nyuma ya gurudumu, na huyo namwombea dua mpaka leo ingawa simjui jina.

Hakuna aliyeumia. Lakini dada alishuka pale pale juu, akampa ufunguo dereva wa tuktuk amwegeshee, akampigia kaka simu. Maneno aliyoyasema ni haya: "Mumenitoa katika motokaa ya babangu, na hata hamukuniuliza."

Mafungu arubaini

Maneno hayo yalinikosesha usingizi, kwa sababu ni kweli tupu. Baba alipofariki, wazazi wake walikuwa wamekwisha tangulia. Aliacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Hesabu yake kila mwanachuoni anaijua. Mke ana thumni. Kinachobaki, mwana wa kiume hupata mara mbili ya binti. Ukiigawa motokaa ile kwa mafungu 40, mama ana 5, kaka ana 14, mimi nina 14, na dada ana 7.

Sisi hatukuigawa. Tulifanya kama wanavyofanya wengi wetu hapa pwani: tuliiacha "ya familia", tukaona kugawa ni ubakhili. Matokeo yake ni kwamba mwenye mafungu 14 aliamua juu ya mafungu 40, na mwenye 14 mengine, ambaye ni mimi, akasema "fanya" kwa simu ya dakika mbili. Atakayesema kwamba sisi wawili tulikuwa na 28, kwa hivyo tulikuwa wengi, namjibu kwamba mirathi si kura. Fungu la mtu ni lake, liwe dogo namna gani. Na wale wenye mafungu 12 ndio waliokuwa wakiitumia motokaa kila siku.

Hapa ndipo ninaposema kwamba baraza zetu zabishania swali lisilofaa. Swali si kwamba gia za mkono ni bora au za otomatiki ni bora. Swali ni: motokaa hii ni ya nani, na yamfaa nani? Gia za mkono ziliifaa injini. Zilimfaa fundi. Zilimfaa kaka. Hazikumfaa dereva.

Kilichouzwa kwa kilo

Liko la pili, na hili laniuma zaidi. Baada ya siku ya Likoni nilitaka kuona kama yawezekana kuirudisha gia ya kwanza. Nikaenda gereji. Nikaambiwa giaboksi ile ilikwisha uzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, kwa kilo. Walioiuza hawakumuuliza mtu, na kaka naye hakuwaagiza waiweke.

Hapo nikamtafuta mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza Mercedes zamani, ambaye sasa amestaafu. Nikamweleza dalili zote. Nilipofika kwenye ile ya injini kuendelea kunguruma baada ya kuzima, akanikatiza. Akaniuliza kama kuna aliyetazama mirija ya upepo. Nikasema la. Akanieleza kwamba katika Mercedes hizi za dizeli iko pampu ndogo ya kufyonza hewa, na mvuto huo huo ndio unaozima injini unapogeuza ufunguo, na ndio pia unaoiambia giaboksi ibadilishe kwa upole au kwa nguvu. Mrija ukitoboka mahali, vyote viwili huharibika. Akaongeza kwamba gia zikiteleza, kwanza hutazamwa kiasi cha mafuta na kichujio chake kabla ya kushika spana kubwa. Hakusema kwamba giaboksi yetu ilikuwa nzima. Alisema tu kwamba haikupimwa.

Basi hatutajua kamwe. Pengine ilikuwa imekufa kweli. Pengine ilitaka kichujio na mrija wa mpira. Tungekuwa nayo kabatini, tungeweza kuifungua tukajua. Kilichobaki ni ule mkono wake wenye herufi, ambao mama aliudai na sasa umo katika sanduku lake pamoja na tasbihi ya baba.

Watu wa magari ya kale duniani wamelifikiria jambo hili. Shirikisho lao la kimataifa, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, liliukubali mwongozo uitwao Mkataba wa Turin. Kwa kipimo chao, gari la kihistoria ni lile lililotimiza angalau miaka 30, na ya baba imepita hapo zamani. Mwongozo huo haumkatazi mwenye gari kubadilisha kitu ili chombo kitumike. Waomba kwamba badiliko liwe la kuweza kurudishwa nyuma, liandikwe, na vifaa vya asili vilivyotolewa vihifadhiwe pamoja na gari. Niliposoma hivyo nilitahayari. Hatukutimiza hata moja.

Jahazi na tanga lake

Wale wa "mwacha asili" watasema: basi umekubaliana nasi. La hasha. Sisi ni watu wa pwani, na tumeona vyombo vikibadilika mbele ya macho yetu. Mtepe ulioshonwa kwa kamba umebaki katika majumba ya makumbusho. Majahazi ya Lamu yaliyokuwa yakingoja kusi na kaskazi, mengi yametiwa mashine, na hakuna nahodha aliyeambiwa kwamba chombo chake si jahazi tena. Nyumba za Mji wa Kale zina nyaya za umeme ndani ya kuta za mawe ya matumbawe. Asili si kukataa badiliko.

Lakini tazama namna nahodha anavyotia mashine. Tanga halitupi. Foramali haiuzi. Mashine ikifa katikati ya bahari, hulitweka tanga akarudi kwao. Na kabla ya kutia mashine hukaa na wenye chombo na mabaharia, kwa sababu wote roho zao zimo humo. Hiyo ndiyo adabu ya kubadilisha. Sisi wa motokaa tumeisahau.

Na jambo hili litazidi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi umri wa miaka 8, kwa hivyo Mercedes hizi, na Peugeot 504, na Datsun za wazee wetu, hazitaongezeka. Zilizopo ndizo hizo. Kila moja itakayoharibiwa kwa pupa ni moja kasoro.

Ninayoshauri

Kwa hivyo mwenye motokaa ya zamani ambaye gia zake zimemchosha, namshauri haya.

Kwanza, ipimwe na mtu anayeijua otomatiki, si na mtu anayeiogopa. Mafuta, kichujio, mirija ya upepo, ndipo giaboksi yenyewe. Fundi ambaye kila ugonjwa dawa yake ni kung'oa, mwepuke.

Pili, waulizwe wote wenye fungu, na aulizwe hasa yule anayeshika usukani. Goti la mtu, macho ya mtu, khofu ya mtu, hivyo ni vipimo kama vile urefu wa propela.

Tatu, vifaa vyote viwepo chini ya paa moja kabla ya bolti ya kwanza kufunguliwa: giaboksi, klachi, flaiwili, pedali za upande wetu, pampu na silinda. Motokaa nyingi zimefia mabuluki juu ya mawe kwa kungoja pedali.

Nne, giaboksi iliyotolewa ijazwe mafuta, izibwe matundu, ifungwe gunia, iwekwe. Ni mzigo, najua. Ni mzigo mwepesi kuliko majuto.

Tano, liandikwe. Andika mwaka, fundi, na kilichotiwa, na karatasi hiyo ikae pamoja na kitabu cha gari. Dalali mmoja alimshauri kaka kwamba akiuza amwambie mnunuzi motokaa ilitoka kiwandani na gia za mkono, kwa sababu watu wa magari ya kale huzipenda hizo. Kaka alimfukuza, na kwa hilo namsifu. Kumficha mnunuzi kilicho ndani ya bidhaa ni haramu, iwe ni motokaa au ni kikapu cha samaki. Tena Mercedes hizi kiwanda kilizitolea kadi yenye kuonyesha gia zilizotoka nazo. Ajuaye ataigundua hila yako kwa dakika moja.

Tulivyomaliza

Mwaka 2020 tulikaa, sisi watatu na mama, na mzee mmoja wa ukoo, na mwanachuoni wa msikiti wetu. Jambo lililopasa kufanywa miaka kumi na miwili nyuma tukalifanya kwa saa moja. Motokaa ikathaminiwa shilingi 600,000, yaani kila fungu 15,000. Kaka akaichukua. Akamlipa mama 75,000, dada 105,000, na mimi 210,000. Langu nikaliongeza juu ya yao, tukatafuta kidogo cha kuongezea, tukapata kigari cha Kijapani cha otomatiki. Dada anamwendesha mama kwa hicho. Hakina heshima ya Mercedes na mlango wake walia kama debe, lakini kinapanda kutoka ferini bila jiwe nyuma ya gurudumu.

Kaka anaiendesha ya baba kila Ijumaa, na wallahi yaenda vizuri. Gia zake ni tamu, sitasema uwongo. Alimtaka dada radhi mbele yetu sote, nami nikamtaka yangu. Amesamehe. Lakini sijamwona tena akiketi ndani ya motokaa ile, na sijathubutu kumuuliza kwa nini.

Basi ndugu wasomaji, mkiizungusha kahawa leo na jambo hili likatajwa, msianze na gia. Anzeni na wenyewe. Na kama kuna miongoni mwenu aliyebadilisha akaitunza giaboksi ya asili, aandike atueleze alivyofanya. Wengi tungependa kujifunza, ingawa kwetu sisi maji yamekwisha mwagika.